Deni la Aliyehama

Sebuleni kwetu kuna makochi mawili na meza ya kioo. Vilinunuliwa na watu watatu waliochangishana kabla mimi sijafika Kharumwa, na wote watatu wameshahama. Mmoja alihamishiwa Chato, wa pili aliolewa Shinyanga, wa tatu hakuna anayejua aliko. Nilipoingia kwenye nyumba hii mwaka 2021 niliambiwa nitoe shilingi 30,000 za kiingilio, yaani mchango wangu kwa makochi, mtungi wa gesi na mapazia. Nilimlipa aliyekuwa anatoka. Yeye naye alikuwa amemlipa aliyemtangulia. Siku nikiondoka mimi, nitamdai atakayekuja. Makochi yanazidi kubonyea, kiingilio hakishuki.

Wanafunzi wa falsafa wanaijua meli ya Theseus, ile ambayo Wagiriki waliibadilisha mbao moja moja hadi hakuna ubao wa mwanzo uliobaki, kisha wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Ubishi huo ni mtamu kwa sababu hakuna anayedaiwa kodi ya meli. Kwenye nyumba ya kupanga watu wakibadilika mmoja mmoja, swali linakuja na bei yake. Deni la umeme lililoachwa na aliyeondoka Februari ni la nani Machi? Kitasa kilichovunjwa na mtu ambaye sijawahi kumwona, kwa nini nikichangie? Na kama sichangii kitasa, kwa nini nikae kwenye kochi?

Kabla ya kwenda mbali niseme kidogo kuhusu hapa tunapoishi. Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale. Hadi mwaka 2012 Nyang'hwale ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Geita, na Geita yenyewe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka huo, sehemu iliyozoea pamba, mpunga na ng'ombe ikajikuta inahitaji ofisi za wilaya na watu wa kukaa ndani yake. Wakaja maafisa, walimu, wauguzi, madereva. Wengine walikuwa wanakuja tangu zamani kufuata dhahabu, na hao wanakuja na kuondoka kadiri maduara yanavyotoa au kukauka. Waliojenga nyumba walijengea familia: sebule kubwa, vyumba vinne, jiko, uwanja wa kuanikia. Familia nyingi hazikuja. Mtumishi anapangiwa kituo huku, mwenzi wake anabaki Mwanza au Dodoma, naye anatafuta watu wa kuchangia nyumba. Ndiyo maana mji wetu umejaa nyumba za kifamilia zinazokaliwa na watu wasio ndugu, na kila mmoja ana barua ya kuomba uhamisho kwenye faili.

Nyumba yetu ni mojawapo. Kodi ni shilingi 160,000 kwa mwezi, vyumba vinne, kwa hiyo 40,000 kwa kila chumba. Mwenye nyumba anaishi Kahama na hulipwa kila baada ya miezi mitatu, tena mwanzoni. Mkataba wa kuchapwa steshenari ulikuwa na jina moja, la kaka mmoja mtumishi aliyetangulia kuipata nyumba. Sisi wengine tulimlipa yeye. Tulimwita Mwenyekiti, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha jina likabaki. Mwenyekiti ndiye aliyepokea simu ya mwenye nyumba, ndiye aliyeamua nani aingie, ndiye aliyekuwa na chumba chenye choo ndani. Akisema wageni wasilale zaidi ya siku mbili, hawakulala. Hakuna aliyempigia kura.

Sisemi haya kwa kejeli. Mtu anayebeba jina la mkataba anabeba mzigo wa kweli: mwenye nyumba akidai, anamdai yeye. Swali langu ni kama mzigo huo unampa ubwana juu ya wengine, na hasa juu ya wale wanaoingia mwishoni. Kiswahili kimetuwekea mtego hapo. Kupanga ni kukodi, na kupanga pia ni kuweka utaratibu. Katika nyumba yenye jina moja kwenye karatasi, wote tunapanga kwa maana ya kwanza, mmoja tu ndiye anayepanga kwa maana ya pili.

Sheria zetu hazijamfikiria sana mtu anayechangia nyumba. Zamani kulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, yenye baraza lake la kusikiliza kesi za wapangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji anategemea zaidi Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo inakubali upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hata kama makubaliano ni ya mdomo. Hilo ni jambo zuri kwa mtu asiye na karatasi, lakini makubaliano yake ya mdomo ni na nani? Kwetu yalikuwa na Mwenyekiti. Mwenye nyumba hakuwahi kuzungumza nasi zaidi ya salamu. Kwa hiyo tukidhulumiwa, wa kumdai ni Mwenyekiti. Unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 linasuluhisha tu na haliamui, kisha, usuluhishi ukishindikana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa kesi ya laki na ushee, nauli na siku za kazi zinazopotea zinaweza kukaribia kiasi unachodai.

Mwezi Januari 2024 aliingia mwalimu wa kujitolea, binti wa miaka ishirini na mitatu, anayefundisha kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi wa wanafunzi. Tutamwita Mwalimu. Mwenyekiti alimtaka alipe miezi sita kwa mkupuo, 240,000. Sisi wa zamani, mimi na muuguzi ambaye kila mtu alimwita Sista, tulikuwa tunalipa mwezi kwa mwezi. Mwalimu aliuliza kwa nini yeye sita. Mwenyekiti akamjibu kwamba hao wanafahamika. Baba yake aliuza ng'ombe kwenye mnada, fedha ikaja.

Mwisho wa Machi uhamisho wa Mwenyekiti ulitoka. Akaondoka na virago vyake kwenye Noah ya asubuhi. Wiki ya pili ya Aprili mwenye nyumba akafika kutoka Kahama. Tukamwamkia, tukampa kiti, akanywa maji. Kisha akasema kodi ya Aprili hadi Juni bado, 480,000, na kwamba yeye anamjua mtu mmoja tu kwenye nyumba hii na mtu huyo simu yake haipokelewi. Alikuwa mpole kabisa. Alitupa wiki mbili.

Jioni ile tulikaa watatu mezani na kalamu. Mimi na Sista hatukuwa tumelipa chochote cha Aprili, kwa hiyo 120,000 za kila mmoja wetu hadi Juni hazikuwa na utata. Zikabaki 240,000: nusu ni ya chumba cha Mwenyekiti kilichobaki kitupu, nusu ni ya chumba cha Mwalimu, ambayo alishalipa lakini haikufika.

Chumba kitupu kilitatuliwa kwa dakika tatu. Sista ndiye aliyesema kwamba tugawane sawa, 40,000 kila mtu, hadi apatikane wa kukijaza, na wote tukaitikia. Kuhusu nusu ya pili alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa majibu ya kipimo: "Mdogo wangu, hiyo ni kati yako na yeye."

Hapo ndipo jambo hili liliponishika, na sijaweza kuliachia hadi leo. Mapengo yote mawili yalichimbwa na mtu mmoja, siku moja, kwa kitendo kimoja cha kuondoka. Lile lisilo na mtu ndani yake tuliliita letu. Lile lenye mtu ndani yake tuliliita lake. Kama Mwalimu asingekuwepo kabisa, na chumba chake nacho kingekuwa kitupu, tungegawana mapengo yote mawili bila kubishana. Kuwepo kwake, akiwa amekwisha kutoa fedha, ndiko kulikomfanya abebe peke yake.

Nikarudia hesabu ya miezi iliyopita. Mwezi Januari Mwenyekiti alipeleka Kahama 480,000 za Januari hadi Machi. Mimi na Sista, mwezi kwa mwezi, tulimrudishia 240,000. Mwalimu alimpa 240,000. Jumla ni 480,000 kamili. Maana yake Mwenyekiti aliishi miezi mitatu bila kutoa hata senti yake, na fedha ya Mwalimu ya Aprili hadi Juni haikupotelea kwenye Noah. Ilifika kwa mwenye nyumba vizuri kabisa, ikalipia chumba chenye choo ndani, Januari hadi Machi. Nilipowaonyesha karatasi, Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu. Nadhani ilimuuma zaidi kujua hivyo kuliko kudhani ameibiwa.

Sista hakuwa mchoyo, na hoja yake nataka niitendee haki. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba imani ni ya mtu binafsi: ukimpa mtu fedha ya miezi sita mkononi, bila risiti, umechagua kumwamini, na huwezi kuwafanya wengine wadhamini wa uchaguzi wako. Tukianza kufidia, kesho ataingia mwingine asiye makini akijua nyumba itamlipia. La pili lilikuwa zito zaidi. Yeye mwenyewe alishapoteza kodi ya miezi minne Katoro, kwa dalali na mwenye nyumba walioshirikiana, na wenzake sita wa nyumba ile walimtazama akifungasha. Hakuna aliyechanga. "Mimi nilijifunza kwa fedha yangu," alisema. Ana wadogo wawili anaowasomesha.

Hoja ya kwanza nadhani inaanguka kwenye neno kuchagua. Mwaka 1748 David Hume aliandika dhidi ya wanaodai kwamba mtu anayeendelea kuishi chini ya serikali fulani ameikubali. Ni sawa, alisema, na kudai kwamba mtu aliyebebwa melini akiwa usingizini ameukubali utawala wa nahodha kwa sababu hajajirusha baharini. Mwalimu hakubebwa usingizini, alikuja kwa miguu yake na begi. Lakini bahari yake nayo ilikuwepo. Kutafuta chumba kingine Kharumwa ni kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, kisha kukutana na mwenye nyumba mwingine anayetaka miezi sita au mwaka. Masharti ya Mwenyekiti hayakuwa mabaya kuliko ya mji. Alikubali kwa maana ileile ambayo abiria wa usiku anakubali nauli iliyopandishwa Sikukuu.

Isitoshe, sharti la miezi sita lilikuwa la mgeni peke yake. Sisi tulilipa kidogo kidogo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelipa kwa mkupuo, maana mwenye nyumba wa Kahama hapokei kidogo kidogo. Fedha ya ng'ombe wa baba yake ndiyo iliyotuwezesha mimi na Sista kusubiri mshahara. Hatukumwomba Mwenyekiti afanye hivyo, na hatukujua. Ila tuliishi ndani ya mpangilio huo na ulitufaa. Anayefaidika na mpangilio bila kuupanga hana hatia. Bado nadhani anadaiwa kitu pale mpangilio unapomwangukia mtu mmoja, na anadaiwa zaidi na yule aliyewekwa chini kabisa.

Hoja ya pili sina jibu lake la kumridhisha Sista. Kwamba yeye alitendewa vibaya Katoro hakumpi haki ya kumtendea vivyo hivyo mtu wa Kharumwa, hilo ni rahisi kulisema. Lakini mtu aliyebeba hasara yake peke yake, kisha akaombwa abebe theluthi ya hasara ya mwingine, anaombwa awe mwanzo wa desturi ambayo haikuwepo zamu yake ilipofika. Lazima kila desturi njema iwe na mtu wa kwanza anayelipa bila kuwahi kulipiwa. Kwa nini awe yeye?

Tunao msemo ambao Nyerere aliutumia alipoandika kuhusu ujamaa mwaka 1962: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunausikia kama onyo kwa mgeni asizoee kula bure. Lakini jembe lina upande wa pili. Aliyelima naye anavuna, na anakaa kwenye kikao cha kugawana mavuno. Nyumba zetu za kuchangia zinampa mgeni jembe siku ya kwanza, asubuhi, pamoja na kiingilio, na kikao wanamfungia kwa miaka. Utamsikia mtu anasema "mimi nimeikuta nyumba hii tangu haina dari", na hoja imeisha. Kutangulia ni sababu nzuri ya kujua mambo. Kwamba ni sababu ya kulipa kidogo au kuamua zaidi, hilo bado sijaona mtu akilithibitisha.

Hesabu yangu ilikuwa kwamba mapengo yote mawili yawe kitu kimoja, 240,000 kwa watu watatu, 80,000 kila mmoja. Mimi na Sista tungelipa 200,000 hadi Juni, Mwalimu 80,000. Kwa hesabu ya Sista kila mmoja angelipa 160,000, na Mwalimu angekuwa amelipia miezi mitatu mara mbili. Tofauti kwangu na kwa Sista ilikuwa 40,000, kodi ya chumba ya mwezi mmoja. Tulibishana hadi umeme ukakatika, tukaendelea kwa tochi ya simu. Mwisho wake mimi nililipa kwa hesabu yangu, Sista kwa yake, na Mwalimu akalipa 120,000 zilizobaki. Alikopa kwenye kikundi cha walimu wenzake.

Mwezi Mei chumba kitupu kilipata mtu, kijana anayefanya kazi kwenye karasha, anayerudi usiku mweupe kwa vumbi la mawe. Tulimweleza habari yote kabla hajatoa shilingi. Alilipa Mei na Juni, 80,000, na fedha hiyo ikalala mezani, kwa kuwa chumba chake tulikwisha kukilipia. Kwa kanuni aliyoitaja Sista mwenyewe ilikuwa tugawane kwa tatu. Sista akaisogeza upande wa Mwalimu kwa ncha ya kidole. "Hiyo haijawahi kuwa mkononi kwangu," alisema, akaenda kuoga. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Fungu lake lilikuwa pungufu ya kile alichokikataa Aprili ukipiga hesabu ya ukatili, lakini halikutoka kwenye pochi.

Kijana wa karasha alikuwa na maoni yake kuhusu kiingilio. Kwenye duara, alisema, wanachimba kwa mgawo wa mifuko ya mawe, na ugomvi mkubwa huwa juu ya mtu aliyechimba futi za juu, akaugua au akaitwa nyumbani, halafu mwamba wa dhahabu ukaonekana akiwa hayupo. Wengine humpa kitu, wengine humwambia asiyekuwepo hana lake. "Lakini sijawahi kuona mtu anadaiwa kwa sababu aliyemtangulia alichimba vibaya," alisema. Alikataa kulipa 30,000 za makochi. Alisema atalipa 5,000 kwa mapazia, ambayo bado ni mazima. Tukakubali, na kwa hiyo 25,000 zangu zimeishia kwangu. Mnyororo ulikuwa lazima ukatikie kwa mtu.

Mwezi Julai tulimwomba mwenye nyumba aandike majina manne kwenye mkataba mpya. Alikataa. Anataka jina moja, akasema, kama kwenye kadi ya pikipiki. Tukajadili kama kweli tunayataka majina manne, maana kwa sheria ya mikataba watu walioahidi kwa pamoja wanaweza kudaiwa mmoja wao deni lote, kisha yeye ndiye awatafute wenzake wamrudishie. Jina kwenye karatasi lina kinga na lina kitanzi. Mwalimu ndiye aliyesema anataka lake liwepo hata hivyo. Hatimaye jina lililoandikwa juu ni langu, na nyuma ya karatasi tumeorodhesha wanaokaa, chumba, tarehe ya kuingia na kiasi kilicholipwa, mwenye nyumba akasaini chini bila kusoma.

Tuna daftari pia, limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa jikoni. Kila atakayelipa analipa mbele ya mwingine na kuandika. Humo ndani kuna ukurasa wa LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama yetu. Ni kodi ya mwenye nyumba, na serikali ilipoianzisha ilisema mpangaji akikatwa waelewane na mwenye nyumba wake amrudishie. Kwetu huwa inamkata yeyote anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Ni 18,000 kwa mwaka, na tangu ianze watu wanane wamepita kwenye nyumba hii, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kiasi cha kumsumbua mzee kwa ajili yake. Tumejumlisha za mwaka huu. Sista alihama Agosti kwenda kupanga peke yake, na kwenye jumla hiyo kuna 3,000 alizokatwa yeye, Mei na Julai. Nimempigia kumuuliza nimtumie kwa namba ipi. Akacheka, akasema nimpe anayekaa chumba chake.